Upepo wa Siku ya Tano

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuandika nani yupo na nani hayupo. Kila asubuhi, kabla king'ora hakijalia, nilisimama mlangoni mwa karakana ya kampuni na daftari langu, nikaita majina, na wanaume wakaitika "Présent!" kwa Kifaransa, hata wale ambao Kifaransa chao chote kilikuwa neno hilo moja. Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja tu: usimwandike yupo mtu ambaye hukumsikia kwa sikio lako. Karani aliyenitangulia alipoteza kazi kwa kumwandika shemeji yake aliyekuwa amelala nyumbani.

Mimi niliishika sheria hiyo vizuri. Niliivunja mara moja tu, na haikuwa karakanani. Ilikuwa hospitalini, nimelala chali na mshono tumboni, na kitu nilichokiandika kuwa kipo wakati hakipo kilikuwa upepo wa tumbo langu mwenyewe.

Nianze na samaki, kwa sababu bila samaki nisingefika huko.

Tulikaa Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni, mke wangu na mimi. Alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane, na mama yake alikuwa anakuja kwa treni kutoka Mwene-Ditu ili awepo siku ya kujifungua. Mimi nilizaliwa Kolwezi. Babu yangu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi katika mgodi, na mimi Kasai nimeifika mara mbili tu maishani. Lakini desturi za ukwe zilipanda treni pamoja na babu, na hazikushuka kamwe. Sisi tunaiita buko. Mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anapisha kando, na maneno ya mwili, hata neno dogo kama "naenda msalani", hayasemwi mahali masikio yake yanaweza kufika. Inakuwa hivyo mpaka mkwe atoe mbuzi, mbuzi aliwe, na mbele ya shahidi isemwe kwamba haya imeondolewa. Baada ya hapo yule mama anakuwa mama tu.

Mbuzi wangu nilikuwa nimempangia siku mtoto atakapozaliwa. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na katika muda huo wote nilikuwa nimemwona mama mkwe mara moja, siku ya harusi, na nilichokiona ni viatu vyake.

Kwa kuwa mbuzi hakuwa tayari, niliona aibu kumpokea kwa sombe tu, mboga ya majani ya muhogo. Jumamosi asubuhi nikachukua baiskeli, kinga kama tunavyoiita kwetu, nikaenda Nzilo kununua samaki kwa wavuvi wa ziwa la bwawa. Nilipata wawili wakubwa, wabichi, nikawafunga nyuma kwa kamba ya mpira. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wenye mchanga, gurudumu la mbele lilizama, usukani ukageuka, na mimi nikaangukia ncha yake. Ile ncha ilikuwa haina tena mpira wake. Ilinipiga upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu.

Pumzi ilikatika. Nilikaa mchangani mpaka iliporudi, kisha nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikafungua shati nikaangalia. Hakukuwa na damu. Palikuwa na alama nyekundu ya duara, kiasi cha kizibo cha chupa ya bia. Niliwaangalia samaki, walikuwa wazima. Nikapanda baiskeli nikaendelea.

Leo najua kwamba hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilifikiri jeraha ni kitu kinachoonekana. Tuliofanya kazi mgodini tuliona vidole vilivyokatika na vichwa vilivyopasuka, na tukajifunza kupima hatari kwa wingi wa damu iliyomwagika chini. Hakuna aliyetuambia kwamba tumbo linaweza kumwaga damu yake ndani, polepole, na ngozi ikabaki safi kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Jumapili tulikwenda stesheni. Nilibeba sanduku la mama mkwe kichwani, macho chini, nikitangulia mbele ili tusitazamane. Tulipofika nyumbani bega langu la kushoto lilikuwa linauma, kwenye ncha kabisa, mahali kamba ya mfuko hukaa. Mke wangu alipasha mafuta ya mawese akanikanda.

"Njo sanduku ya mama," alisema, yaani ndilo lililoniumiza bega. "Iko nzito sawa mawe. Alitia nini mule?"

"Hata mi sijue," nilimjibu.

"Na kule Nzilo, ulianguka? Kinga iko na mchanga mpaka mu kiti."

"Nilianguka kidogo. Usimuambie mama."

Aliendelea kukanda. Alielewa. Mkwe aliyeanguka barabarani kwa sababu ya samaki wa mama mkwe ni habari ambayo ingefika Mwene-Ditu kabla ya treni. Nikimeza mate, bega linauma. Nikilala chali, linauma zaidi. Nikiketi, linatulia. Tumbo lenyewe lilikuwa kama limejaa tu, na sikulijali. Samaki walipikwa jioni ile. Mimi nilikula sebuleni, yeye jikoni, na mke wangu aliniambia mama amemaliza hata kichwa.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nilianza kuita majina, na nilipofika katikati ya orodha sauti ikapotea. Jasho baridi lilinitoka mgongoni ingawa ilikuwa mwezi wa saba na tulikuwa bado tumevaa makoti. Nilikuwa na kiu ya ajabu. Fundi mkuu wa karakana alikuja akanitazama midomo.

"Mudomo yako iko nyeupe sawa karatasi, citoyen," alisema. Miaka ile tuliitana hivyo, citoyen, yaani raia, mkubwa kwa mdogo. "Uko unaumwa wapi?"

"Bega."

"Bega haigeuzake mutu rangi. Ingia mu gari."

Hospitalini daktari aliweka viganja vyake tumboni mwangu akakandamiza, na tumbo likakataa. Lilikuwa gumu kama ubao. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria, mtu mzima wa miaka hamsini hivi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinama karibu na uso wangu.

"Citoyen, wacha mambo ya bega. Ulipigwa fasi gani? Sema yote, na useme mbio."

Nikasema yote: Nzilo, mchanga, usukani. Akamtafsiria daktari kwa maneno machache, na kuanzia hapo hakuna mtu aliyetembea polepole tena. Niliona chupa ikining'inizwa, nikasikia wakiuliza aina ya damu yangu. Baadaye niliambiwa kwamba gari lililonileta lilirudi karakanani, fundi mkuu akasimama mahali pangu mlangoni na kuuliza nani atatoa damu, na kundi zima likaja likapanga mstari chini ya ukuta wa hospitali na nguo zao za grisi. Damu ya watatu ililingana na yangu. Bado ninayo.

Niliamka na mpira mwembamba puani unaoshuka mpaka tumboni, na kitambaa kirefu kilichobandikwa kutoka chini ya kifua mpaka kupita kitovu. Mimi ni mtu wa kuuliza. Daktari alipokuja kesho yake nilimwomba muuguzi anitafsirie kila neno, na mke wangu alikuwa amenitumia daftari langu, kwa hiyo niliandika.

Kilichopasuka kilikuwa wengu, ambao wengine huuita bandama. Unakaa chini ya mbavu za kushoto, ukubwa wa ngumi, umejaa damu kama sponji, na una ngozi yake nyembamba. Ncha ya usukani iliupasua ndani, lakini ngozi ilishika, ikivujisha kidogo tu. Ilishika Jumamosi, ikashika Jumapili nilipobeba sanduku, na Jumatatu ikaachia. Kuhusu bega, alinieleza kwamba damu iliyovuja ilipanda ikagusa ule utando unaotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa utando huo unatoka sehemu moja na ule wa bega. Nikafikiria simu za kampuni siku zilizounganishwa vibaya: unapiga ofisi ya stoo, inalia ofisi ya mishahara. Tumbo langu lilikuwa linapiga simu tangu Jumapili, na sisi tulikuwa tunakanda bega.

"Basi sasa sina wengu. Naweza kuishi?" nilimuuliza.

Alisema naweza, na vizuri. Lakini homa kwangu haitakuwa tena jambo la kungoja mpaka kesho, maana wengu ndio uliokuwa mlinzi wa mwili dhidi ya magonjwa, na mlinzi huyo ameondoka. Nimeishi hivyo mpaka leo. Joto likipanda, wenzangu wanatafuta blanketi, mimi natafuta viatu niende kwa daktari.

Halafu akatoa maagizo ya siku za kwanza. Nikikohoa, nikumbatie mto juu ya mshono. Nisilale tu, nisimame na kutembea mapema. Na nisile wala kunywa mpaka utumbo uamke, kwa sababu utumbo ulioshikwa na mikono ya daktari huzimia kwa siku kadhaa, na chakula kinachowekwa juu ya utumbo uliolala hakina mahali pa kwenda. Dalili ya kuamka ni moja, alisema: kutoa upepo kwa chini. Muuguzi alitafsiri kwa sauti ya kusikika wodi nzima:

"Lazima utoshe gaz. Kila asubuhi nitakuuliza."

Sasa niseme nani alikuwa ameketi pale.

Hospitali yetu, kama nyingine zote za huko, ilimtaka kila mgonjwa awe na mtu wake wa kumwosha, kumpikia na kumgeuza. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Dada zangu walikuwa Likasi. Mke wangu alikuwa na tumbo lake mwenyewe la kubeba, na kutoka Kapata mpaka hospitali si mwendo wa mwanamke wa miezi minane. Akabaki mtu mmoja tu. Mama mkwe alifika na mkeka, beseni, sufuria mbili na kitenge. Kitenge alikifunga kutoka chuma cha kitanda changu mpaka kwenye komeo la dirisha, akakaa nyuma yake. Mkono wake ulipita chini ya kitenge ukileta kitambaa cha maji, ukarudi. Huo ndio mkono niliouona siku zile, na pete ya shaba kwenye kidole cha shahada.

Kiswahili alikijua vizuri, mumewe alikuwa amefanya kazi ya reli Kamina. Lakini hakusema nami neno. Aliyemsemea alikuwa mzee wa kitanda cha pili, dereva wa mashine kubwa ya kuchimba, mtu wa upande wa Dilolo, aliyepasuliwa ngiri na kushonwa.

"Tata," mama mkwe alisema nyuma ya kitenge, akinitaja kwa neno letu la mkwe, "uulize ule muko kama baridi iko inamuingia."

"Weye muko," mzee aliniambia, "mama anauliza kama baridi iko inakuingia. Ulisikia, ao nipige simu?"

"Mwambie hapana, aksanti."

"Anasema hapana, aksanti. Mama, mi nitaomba mushahara ya hii kazi. Mu machine wananilipaka."

Asubuhi ya kwanza muuguzi alifika na karatasi yake, akasimama miguuni pangu.

"Citoyen! Ulishatosha gaz?"

Nyuma ya kitenge, kijiko kilichokuwa kinakoroga kiliacha kukoroga. Nilitazama dari. Nilitikisa kichwa.

"Kichwa siandikake. Sema."

"Bado," nilinong'ona.

Asubuhi ya pili ikawa vile vile, ila mzee aliongeza maneno. "Munganga, unamuuliza mbele ya mama-muko yake! Huyu mutu atakufa na haya mbele ya ile ingine kumuua." Wodi ilicheka. Mimi sikucheka, kwanza kwa sababu kucheka kulivuta mshono, pili kwa sababu nilisikia kitenge kikitikisika. Mama mkwe alikuwa amegeuka kutazama dirishani.

Siku ya tatu sikuweza tena. Nilisikia viatu vya muuguzi vikija toka mwisho wa wodi, kitanda kwa kitanda, na nilijua kwamba nikisema "bado" ataniuliza kesho, na keshokutwa, na kila mara yule mama wa watu atalazimika kukaa pale na kusikia. Nilitaka swali liishe, basi.

"Citoyen, gaz?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Moja."

"Bien!" Akaandika. Na mimi, kwa mazoea ya mkono, nikafungua daftari langu nikaandika: siku ya tatu, saa mbili asubuhi, gaz, présent. Nililitazama neno lile. Miaka sita sikuwahi kuliandika bila kusikia.

Mpira wa puani ulitolewa. Niliruhusiwa chai, kisha supu kidogo. Mama mkwe alifurahi mpaka nilisikia akiimba kwa sauti ya chini. Yeye hakuambiwa habari ya utumbo kulala. Alijua tu kwamba muuguzi amesema "bien", na kwamba mgonjwa anayeanza kula anatakiwa kushiba. Saa sita mkono wenye pete ulipita chini ya kitenge na sahani: bukari laini, yaani ugali, na mboga iliyopondwa vizuri. Kukirudisha chakula cha mama mkwe ni tusi. Nikala robo ya sahani.

Alasiri tumbo lilianza kuvimba. Likaja kwikwi, moja baada ya nyingine, kila moja ikivuta nyuzi za mshono. Halafu nikatapika, nikiwa nimekumbatia mto, na kilichotoka kilikuwa kijani. Mkono wa mama mkwe ulishika beseni.

Mpira ukarudishwa puani. Daktari alikuja akaweka kifaa cha kusikilizia upande huu wa tumbo na ule, akasikiliza muda mrefu.

"Kimya," muuguzi alinitafsiria. Kisha wakazungumza wao wawili, na Kifaransa changu kilitosha. Daktari alisema: kama utumbo uliamka asubuhi na sasa umefunga tena, basi kuna kitu kimeukaba, labda umejikunja. Tungoje mpaka keshokutwa saa sita. Usipofunguka tunamrudisha mezani. Muuguzi alisema damu yangu bado ni kidogo sana kwa kupasuliwa mara ya pili. Daktari akajibu kwamba anajua.

Nilielewa hesabu yote. Kila kitu kilisimama juu ya lile neno "kama uliamka". Haukuwa umeamka. Nilikuwa na neno moja la kusema, na sikulisema. Niliwaacha wakaondoka. Naandika hili bila kujitetea: nilikuwa mtu mzima, karani, nimesoma, na nilikaribia kwenda kupasuliwa tena kwa sababu nilishindwa kusema mbele ya mwanamke mmoja kwamba sijajamba.

Siku ya nne, muuguzi alipokwisha kupita, mama mkwe alikohoa nyuma ya kitenge.

"Tata."

"Mama," mzee aliitika.

"Uulize muko. Ile gaz ya jana, ilikuwa ya kweli?"

Mzee alijiinua kwa kiwiko akanitazama. Safari hii hakufanya mzaha mara moja.

"Mama, kwa nini nimuulize? Mi nilikuwa hapa. Masikio yangu inasikiaka machine ingine kilometre mbili. Jana hapa sikusikia kitu. Ata pfff."

Nilisikia mkeka ukilia, mtu akisimama. Kisha fundo la kitenge kwenye chuma cha kitanda changu likaanza kufunguliwa. Nilifumba macho.

"Tata, uko témoin yangu, shahidi?"

"Ya nini, mama?"

"Kwetu buko inaishaka na mbuzi. Hapa mbuzi haiko. Kwiko samaki. Mutoto yangu alinielezea yote jana, wakati nilienda kuchukua unga ku nyumba, vile huyu alienda kutafuta samaki ku Nzilo, vile alianguka nayo. Ile samaki mi nilikula. Nilikula mpaka kichwa. Uko témoin kama nilikula?"

"Sikukuona, mama, lakini niko témoin."

"Basi buko iliisha." Kitenge kilianguka sakafuni. "Weye. Fungua macho."

Nikafungua. Alikuwa mwanamke mfupi kuliko nilivyodhani, na macho ya mke wangu yalikuwa usoni mwake.

"Mutoto yangu," alisema, "ulitosha gaz ao hapana?"

"Hapana, mama."

"Ata moja?"

"Ata moja."

"Ulisema bongo?" Bongo kwetu ni uongo.

"Nilisema bongo, mama."

"Na mi nikakupa bukari juu ya bongo yako." Aliweka mikono kiunoni. "Pumbavu! Ungenikufia hapa, ningemuambia mwanangu nini? Bwana yako alikufa juu ya haya?"

Alitoka mwenyewe kwenda kumtafuta muuguzi, na nilimsikia kutoka mwisho wa korido: "Ile kitu munaandika, muipanguze! Haikukuwa!" Muuguzi alirudi naye, miwani mkononi, na aliyoniambia siwezi kuyaandika yote. Lakini alikwenda mbio kwa daktari, na daktari aliporudi alisikiliza tena tumbo, akauliza mara mbili kama nina hakika sasa, akafuta mstari kwenye karatasi. Mambo yalikuwa yamebadilika. Utumbo ambao haujawahi kuamka si utumbo uliokabwa. Umelala tu, umemwagiwa bukari usingizini. Alisema tuache mpira puani, tusilete kisu karibu mpaka kesho, na mgonjwa atembee. Atembee kweli.

Basi tulitembea. Mimi na mto tumboni, nimepinda kama ndoano, yeye ameinua chupa ya serumu juu ya kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyebeba taa. Korido ilikuwa na madirisha kumi na moja. Siku ile ya nne tulikwenda na kurudi mara tano, na katika kila safari alinisimulia jambo moja la utoto wa mke wangu ambalo mke wangu asingependa nilijue. Nikisimama, alisema, "Tembea, muongo." Nikasikia tumbo likinguruma mara moja, mbali, kama gari la moshi linalosogezwa stesheni. Halikuja.

Siku ya tano asubuhi, kabla ya saa tatu, tukaanza tena. Safari ya kwanza, hakuna kitu. Safari ya pili, maumivu yalinizunguka tumboni kwa mviringo, yakanifanya nisimame na kushika ukuta. Safari ya tatu, mbele ya dirisha la saba, ulitoka. Ulikuwa mdogo, mfupi, usio na heshima yoyote. Kisha ukaja mwingine, na huo haukuwa mdogo.

Mama mkwe alisimama. Chupa ilikuwa bado juu.

"Mama," nilianza.

"Nyamaza. Nilisikia."

Aliniongoza mpaka mlangoni mwa wodi. Mzee wa Dilolo alikuwa ameketi kitandani akingoja, na wagonjwa wengine wote walikuwa wamegeuza vichwa, kwa kuwa habari ya saa sita ilikuwa imewafikia.

"Mama, iko ao haiko?"

Mama mkwe alinyoosha mgongo. Katika miaka yake ya reli alikuwa amesikia wanaume wakiitwa kila asubuhi chini ya dirisha lake.

"Présent!" alisema.

Wodi ililipuka. Mzee alipiga chuma cha kitanda kwa kikombe chake. Nilikumbatia mto kwa mikono miwili, machozi yakinitoka kwa kicheko na kwa maumivu, na muuguzi akaja akikimbia kuuliza ni nani amekufa.

"Nani alisikia?" aliuliza alipokwisha kuambiwa. Safari hii hakutaka kukosea hata kidogo. "Mi siandike kitu cha kuambiwa na huyu mutu."

"Mi nilisikia," mama mkwe alisema. "Na masikio yangu. Mbili."

Akaandika mbili. Nami nikachukua daftari langu, nikafuta mstari wa siku ya tatu kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na chini yake nikaandika siku ya tano, saa, na shahidi. Daktari alipofika saa sita alisikiliza tumbo, akatabasamu kwanza peke yake, ndipo akanipa kifaa nisikilize mwenyewe. Kulikuwa na kelele humo kama soko.

Jioni ile waliruhusu supu, vijiko sita, si zaidi. Mama mkwe alivuta kiti karibu, mahali ambapo kitenge kilikuwa kimefungwa, akaninywesha mwenyewe, na katikati ya kijiko na kijiko alinitazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Kumbe njo uso yako," alisema.

"Njo yenyewe, mama."

Alileta kijiko cha tano, akasubiri nimeze.

"Mutoto yangu alinidanganya," alimwambia mzee wa kitanda cha pili. "Aliandikaka mu barua kama huyu iko muzuri."

Nikautafuta mto kabla sijacheka.